Bao Huanza Mbali na Lango

Haya niliyasema Kisumu, Jumamosi asubuhi, mbele ya wachezaji vijana na wanafunzi wa utangazaji, saa chache kabla ya mechi ya alasiri. Wengi waliniomba niyaandike, nami nimeyaacha karibu kama yalivyonitoka.

Oyawore uru. Na nyinyi mliopanda matatu alfajiri kutoka Vihiga, Kakamega na Busia, mulembe. Wazee wangu mlioketi mbele, makocha mlionifunza na mnaowafunza wanangu, shikamooni. Akina mama, asanteni kwa kuja na watoto. Vijana, hamjambo?

Nimeombwa nizungumze juu ya miaka yangu uwanjani na miaka yangu kwenye televisheni. Nitaanza na bao moja tulilofungwa.

Tulikuwa tunaongoza moja kwa bila, zimesalia dakika nne. Nilicheza namba mbili, beki wa kulia, kama nilivyocheza maisha yangu yote. Mpira ulikuwa umetoka upande wa kushoto, mbali nami kabisa, na wapinzani walikuwa wanajiandaa kuurusha. Nikatazama katikati ya uwanja, nikamwona kiungo wetu ameinama anafunga kamba ya kiatu. Nilitaka kumpigia kelele asimame, kisha nikajiambia mpira uko mbali, hakuna haja. Wakaurusha haraka. Wakapita palepale alipoinama, pasi moja, pasi ya pili. Beki wetu wa kati akatoka kwenda kuziba pengo, mimi nikaingia ndani kuziba la kwake, na winga wao akabaki peke yake nyuma yangu. Mpira ulipovuka kuja upande wangu nilikuwa nimechelewa hatua mbili. Bao.

Gazeti la Jumatatu liliandika kwamba beki wa kulia alizembea. Sikumkasirikia mwandishi. Aliandika alichokiona, na alichokiona ni mimi nikimkimbiza mtu aliyekwisha nipita. Lakini bao lile lilianza kwenye kamba ya kiatu, mita 50 kutoka langoni kwetu, na kwenye kelele niliyoimeza.

Niliposhika maikrofoni miaka mingi baadaye, kazi yangu ikawa hiyo hiyo: kumtafutia mtazamaji kamba ya kiatu. Bao analiona mwenyewe, tena kwa kamera nne na marudio mawili. Mtu aliyecheza mpira ana deni la kumweleza mtazamaji kilichotangulia, na amweleze kwa lugha anayoitumia nyumbani kwake. Ndilo jambo lililonileta hapa leo.

Nimelelewa Kaloleni, hapa hapa Kisumu. Mpira wetu wa kwanza ulikuwa karatasi za nailoni zilizofungwa kwa kamba ya katani, na ukinyeshewa unakuwa mzito kama jiwe. Baba alikuwa na redio moja ya betri. Betri zikichoka tulizianika juu ya bati zipate jua, na kweli zilirudi na nguvu za kutosha kipindi kimoja cha mpira, wakati mwingine na robo ya kipindi cha pili.

Baba alikuwa shabiki wa mchezaji Joe Kadenge, ingawa Kadenge alikuwa wa timu ya Abaluhya na nyumba yetu ilikuwa ya Gor Mahia tupu. Alimpenda mtu yule wa Vihiga kupita mipaka ya timu. Siku moja nilimwuliza, baba, ulimwona Kadenge akicheza mara ngapi? Akanyamaza kidogo, akasema, sikuwahi. Alimwona kwa masikio. Alimwona kwa sauti ya mtangazaji wa redio Leonard Mambo Mbotela, “Kadenge na mpira, Kadenge na mpira,” na sauti ile ilimwonyesha mabega, chenga, vumbi, beki aliyeachwa amekaa chini. Kadenge alituacha tarehe 7 Julai 2019. Mbotela naye akaondoka tarehe 7 Februari 2025. Nilipopata habari ya pili nilitoka nje nikasimama uani kwa muda, kwa sababu niliona kwamba sasa baba, Kadenge na ile sauti wote wako upande mmoja.

Halafu kuna 1987. Nilikuwa na miaka 15. Gor Mahia wamefika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika dhidi ya Espérance ya Tunisia. Tunis walitoka 2-2, wakarudi Nairobi kwa mechi ya pili. Sisi tulikuwa tumesongamana mbele ya duka moja lenye redio kubwa, watu wamejaa hadi barabarani, baiskeli zimelazwa chini. Filimbi ya mwisho ilipolia matokeo yalikuwa 1-1, na kelele ikapanda hata hatukusikia tena redio inasema nini. Sasa mimi na wenzangu tukababaika. Mechi zote mbili ni sare, mbona watu wazima wanalia kwa furaha?

Aliyetueleza ni mzee fundi wa baiskeli. Aliokota misumari chini. Akaweka miwili upande huu, miwili upande ule, akasema hii ni Tunis. Akaongeza mmoja na mmoja, akasema hii ni Nairobi. Mitatu kwa mitatu. Kisha akasema: goli ukilifunga kwa mwenyeji wako lina uzito, kwa sababu umelifunga ukiwa peke yako, na sisi tulifunga mawili kwao, wao wamefunga moja tu kwetu. Palepale nikaruka juu. Nilikuwa nimepewa furaha ambayo dakika moja nyuma ilinipita hivi hivi. Gor walikuwa wamekuwa klabu ya kwanza ya Kenya kutwaa kombe la Afrika, nahodha Austin Oduor, beki kama nilivyotaka kuwa, amelibeba, Peter Dawo amefunga mabao mwaka mzima, na mimi ningelala bila kuelewa kama si misumari ya mzee yule. Hadi leo nikiwa hewani na jambo gumu la kueleza, ninamfikiria yeye.

Kuhusu miaka yangu ya kucheza sitawachosha. Nilicheza ligi kuu miaka kumi. Niliwahi kuitwa kambi ya timu ya taifa mara mbili na mara zote mbili nikarudi nyumbani kabla ya orodha ya mwisho. Nilikuwa beki wa kutegemewa, si wa kuimbwa. Goti la kulia liliniachisha nikiwa na miaka 30, katika mechi ambayo hata watu mia hawakuwepo, na klabu niliyoichezea mwisho niliidai mishahara ya miezi saba. Hilo nitalirudia.

Nilipoacha, nilidhani nimebaki na goti bovu tu. Sikujua kwamba nimebaki na macho pia. Beki wa pembeni huutazama uwanja wote umelala mbele yake. Mshambuliaji anaupa mgongo nusu ya mchezo, kipa yuko mbali, lakini namba mbili anaona nani amechoka, nani ameshika kiuno, nani amekasirikiana na nani. Miaka kumi nilikuwa nahifadhi vitu hivyo bila kujua nitavitumia wapi.

Mara ya kwanza kuketi kwenye kiti cha mchambuzi niliitwa kwa sababu aliyepangiwa alikuwa mgonjwa. Nikavaa suti ya harusi. Wakaniweka visikizio, na sikio moja likajaa sauti ya mwelekezi aliyekuwa kwenye gari la matangazo nje ya uwanja, anawaambia watu wa kamera nani asogee, nani abaki, huku anahesabu. Sikio la pili lina kelele za mashabiki. Kando yangu ameketi mtangazaji mkongwe, mtu aliyeanzia redioni, nami nikaanza kusema.

Nilisema kila kitu. Anapiga, nasema amepiga. Anaanguka, nasema ameanguka. Mpira unatoka, nasema umetoka. Kama dakika ya kumi na mbili hivi yule mzee akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu. Hakusema neno, maana tulikuwa hewani. Akakiacha pale. Nikanyamaza. Mpira ukachezwa nusu dakika nzima na sisi wawili tumekaa kimya, tunasikia ngoma za mashabiki, viatu vikigongana, kocha mmoja akimwita mchezaji wake kwa jina. Nikadhani tumeharibu matangazo. Kisha akaondoa kiganja, akaniuliza hewani, “Umeona nini?” Nikasema: nimeona kwamba kiungo wao namba sita kila akipokea mpira anageukia kushoto, goti la kulia linamsumbua, na timu nzima imejua, kwa hiyo upande wa kulia hakuna anayejisumbua kukimbia. Yule mzee akatikisa kichwa. Mapumzikoni ndipo aliponiambia maneno ambayo nawapa nyinyi wanafunzi wa utangazaji: redioni wewe ndiwe macho ya watu, kwenye televisheni macho wanayo, sasa wewe uwe kumbukumbu yao.

Kazi yenyewe inavyokwenda ni hivi. Mtangazaji ndiye anayekwenda na mpira. Mchambuzi anaingia mpira unapokufa: kona, mchezaji kaumia, bao limeingia. Mwelekezi anakuambia sikioni kwamba marudio yanakuja. Picha ya marudio ni ya sekunde nane, kumi kama una bahati. Katika sekunde hizo ueleze jambo moja, usiwe na mawili, na uwe umemaliza kabla kipa hajapiga mpira mbele, kwa sababu mpira ukianza tena kiti si chako. Kijana anayeanza huona bao na kulieleza bao. Mwombe mwelekezi arudishe picha nyuma zaidi. Mara nyingi atakuambia hakuna nafasi. Siku atakapokurudishia hata sekunde tano tu kabla ya krosi, watu majumbani wataona kitu ambacho hawajawahi kuonyeshwa.

Maandalizi ni nusu ya kazi, na maandalizi ya kwanza ni majina. Msicheke, hapa kwetu majina ni mtihani. Niliwahi kutangaza timu iliyokuwa na kina Otieno watatu na Odhiambo wawili uwanjani kwa wakati mmoja. Nyinyi mnajua kwa nini: mmoja kazaliwa usiku, mwenzake jioni, na akina mama wa eneo hili hawakushauriana kwanza. Huwezi kusema “Otieno anampa Otieno” halafu ukaridhika. Lazima ujue yule wa kushoto anaitwaje na wenzake mazoezini, na umwombe ruhusa ya kulitumia jina hilo hewani. Na jina la mgeni, Mkongomani, Mmoroko, Mmalagasi, unamwendea mwenyewe kabla ya mechi unamwuliza linatamkwaje. Unaandika kwenye karatasi kwa herufi za Kiswahili kama sikio lako lilivyosikia. Mama yake yupo mahali fulani anasikiliza, hata kama hajui neno lolote la lugha yetu, jina la mtoto wake atalitambua.

Sasa nije kwenye lugha, kwa sababu hapo nina uchungu.

Tarehe 10 Agosti mwaka 2025, uwanja wa Kasarani, Nairobi, Harambee Stars, timu yetu ya taifa, waliwafunga Morocco 1-0 katika CHAN, ile michuano ya wanaocheza ligi za nyumbani. Bao la Ryan Ogam, kisha tukapewa kadi nyekundu kabla ya mapumziko, tukacheza kipindi chote cha pili tukiwa kumi. Mimi sikuwa kazini siku hiyo. Nilikuwa Kondele, hotelini, kati ya watu wa boda boda, soda mezani, koo limekauka. Kijana mmoja akauliza kwa sauti ya hofu, “Baba, mbona wana mpira saa zote? Hawa si watatufunga sasa hivi?” Nikachukua chupa za soda. Nikapanga nne, mbele yake nne tena, mbele kabisa moja. Nikamwambia: tazama, hawa wanane wamekaribiana kama watu kwenye foleni ya maji. Katikati hapapitiki. Wakitaka mpira wachukue pembeni, wauzungushe huko, huko hauna sumu. Wakipiga krosi mabeki wetu wanautazama mpira usoni. Kinachotutisha ni mmoja wetu akichoka na kuiacha foleni. Basi kuanzia hapo hoteli nzima ikawa inatazama foleni. Mtu akisogea wanapiga kelele, “Rudi, rudi foleni!” Walikuwa wanaona mchezo wenyewe. Morocco wale ndio waliokuja kubeba kombe mwisho wa mwezi ule ule, kwa hiyo mjue foleni ile ilizuia watu gani.

Kijana yule hakukosa akili ya kuelewa mbinu. Alikosa mtu wa kumweleza kwa Kiswahili. Mara nyingi tunapofika kwenye uchambuzi tunajazia maneno ya Kiingereza, kana kwamba Kiswahili kinafaa kwa kupiga kelele za bao tu. Maneno tunayo. Kukaba. Kuziba mwanya. Kupenyeza. Kupandisha mabeki. Kumvuta mtu ili nyuma yake pawe wazi. Bibi yangu hakusoma hata darasa la kwanza na alijua kuotea ni nini, kwa sababu mtu alimweleza kwamba mshambuliaji haruhusiwi kumtangulia mwenye nyumba mezani. Alipokuwa akitazama mpira na sisi alikuwa wa kwanza kusema “ametangulia huyo,” na mara nyingi alikuwa sawa kuliko mwenye kibendera.

Naomba sasa mniruhusu niseme jambo ambalo halinipendezi.

Kuna mechi moja nilitangaza, kipa kijana akafungwa mabao manne. La tatu lilimpita katikati ya mikono. Nami nilikuwa nimechoka, nikasema hewani: kipa huyu hana mikono. Mtangazaji mwenzangu akacheka, mechi ikaisha, tukaenda kula. Wiki mbili baadaye nilikuwa soko la Kibuye natafuta omena. Mama mmoja anapima kwa gorogoro, akainua macho, akaniangalia kwa muda mrefu. Akasema, “Sauti yako naijua. Wewe ndiwe ulisema mtoto wangu hana mikono.”

Nilitamani ardhi ipasuke. Hakupaza sauti. Alisema, “Nyathina,” yaani mwanangu, “walisafiri usiku kucha kwa basi kwenda kucheza mchana. Yeye ni mrefu kuliko wote, hakuna kiti kinachomtosha, alisimama kwenye njia ya katikati tangu hapa hadi Naivasha. Alinipigia simu asubuhi akaniambia mama, mikono haina nguvu. Wewe ukaiambia Kenya nzima hana mikono.” Kisha akaendelea kunipimia omena, akanijazia, akakataa pesa.

Mimi niliyejidai natafuta kamba ya kiatu, nilikuwa nimeikanyaga. Sikusema uongo, bao la tatu lilimpita mikononi kweli. Lakini lilianza kwenye basi. Mechi iliyofuata ya timu ile niliomba nafasi, nikaeleza hewani nilichoambiwa, bila kumtaja mama, nikamwomba kijana radhi kwa jina lake. Tangu siku hiyo, kabla ya kila mechi ninawapigia simu mameneja wa timu zote mbili. Mmefika lini? Mmelala wapi? Nani anaumwa? Mmekula? Wengine wanashangaa mchambuzi anauliza chakula. Nyinyi mliocheza hamtashangaa.

Sisemi tusikosoe. Mchezaji akikosea tuseme amekosea, na wa kwetu tumkosoe sawa na wa mbali. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na nimeona vijana wawili wazuri sana wa eneo hili wakiharibiwa na sifa zetu za mapema hewani. Mchambuzi naye atakosea. Alan Hansen, aliyechukua ubingwa wa Uingereza mara nane akiwa na Liverpool, alisema kwenye televisheni Agosti 1995 kwamba huwezi kushinda chochote ukitegemea watoto. Manchester United walikuwa wamefungwa 3-1 na Aston Villa wakiwa na akina Beckham, Scholes na Gary Neville. Watoto hao hao wakachukua ligi na Kombe la FA msimu ule. Hansen hakujificha. Aliendelea kuja kazini hadi 2014, na watu waliendelea kumsikiliza, kwa sababu siku zingine zote alikuwa anawaonyesha mabeki wanavyopoteana.

Lakini katika wachezaji waliogeuka watu wa televisheni, nimemsoma mmoja kuliko wote, naye ni Jimmy Hill. Alichezea Fulham. Zama hizo mchezaji Uingereza alikuwa haruhusiwi kulipwa zaidi ya pauni 20 kwa wiki, hata ajaze uwanja. Hill akawa mwenyekiti wa chama cha wachezaji, akawakusanya, wakatishia mgomo, na Januari 1961 kikomo kile kikaondolewa. Mwenzake wa Fulham, Johnny Haynes, akaanza kulipwa pauni 100. Baadaye Hill akawa kocha wa Coventry, akaitoa daraja la tatu hadi la kwanza, kisha ndipo akaingia kwenye televisheni. Kombe la Dunia la 1970 aliwaketisha studioni watu waliocheza mpira wabishane mbele ya taifa, na ule mtindo tunaouona kila Jumamosi ukakita mizizi. Alipigania mshindi apewe pointi tatu badala ya mbili, wakaanza Uingereza mwaka 1981, leo ndivyo ligi yetu inavyohesabu. Na mwaka 1972, Arsenal wakicheza na Liverpool, mshika kibendera akaumia. Hill alikuwa jukwaani. Akashuka, akavaa nguo za michezo, akashika kibendera mechi ikaendelea. Mimi hadithi hiyo naipenda kupita kiasi. Mtu wa televisheni ambaye mchezo ukikwama, anashuka kusaidia.

Ninamtaja kwa sababu ya ile miezi saba niliyoidai. Hill alipozungumza studioni, mishahara, mazoezi, mabasi na viwanja vibovu vyote vilikuwa kichwani mwake, na alivipa jina. Sisi tuliocheza ligi hii tukipewa maikrofoni tunaona aibu kusema kwamba timu imetoka sare kwa sababu wachezaji hawajalipwa tangu Machi. Hiyo nayo ni sehemu ya mchezo. Mtazamaji anayeona winga hakimbii ana haki ya kujua kwamba winga alitembea kwa miguu kwenda mazoezini wiki nzima.

Na nyinyi mtakaoajiriwa kutangaza, mkataba uandikwe kabla hamjavaa visikizio. Wengi wetu tumelipwa kwa mechi, na mechi zikikatika pesa nazo zinakatika. Mwaka 2017 SuperSport ilipoacha kuonyesha ligi yetu, watangazaji na mafundi wengi walirudi nyumbani katika muda mfupi sana. Mimi nilikuwa na wanafunzi wangu wa mpira hapa mtaani, ndio walionishikilia. Uwe na kazi ya pili unayoiheshimu.

Jambo moja zaidi kabla ya chakula. Mwaka 2021 Ligi ya Mabingwa ya Wanawake Afrika ilipochezwa kwa mara ya kwanza kabisa, kule Misri, ukanda wetu wote wa CECAFA, yaani Afrika Mashariki na Kati, uliwakilishwa na Vihiga Queens. Wasichana kutoka barabara hiyo hapo, mwendo usiofika saa moja na nusu kwa matatu. Wale watastaafu. Wengine wao tayari wana magoti kama yangu. Wana macho ambayo mimi sina, maana wameucheza mchezo ambao mimi niliutazama tu. Nikiwasha televisheni mechi ya Starlets, timu yetu ya taifa ya wanawake, na wachambuzi wote ni wanaume wa umri wangu, ninajua kuna kamba za viatu zinazotupita dakika zote 90. Wakurugenzi wa vituo, kama mmo humu ndani, namba zao za simu ninazo.

Sasa, binti uliyetukaribisha asubuhi. Nilikusikia unavyotamka majina ya wageni, uliyauliza kwanza, nilikuona mlangoni ukiandika. Umeniambia umecheza beki shuleni. Mpira unaanza saa tisa kamili, na kiti cha pili kipindi cha kwanza ni chako, nimeshaongea na mwelekezi. Nitaketi kando yako. Nikiweka kiganja mkononi mwako usishtuke.

Nimempigia meneja wa timu ya wageni. Basi lao liliharibika Awasi, wakafika hapa saa nane usiku, na mlo wa jana ulikuwa chai na mkate. Liandike hilo. Namba mbili wao ni mgeni kwenye ligi, hata mimi sijawahi kulisikia jina lake likitamkwa. Wako nje chini ya mwembe wanafunga viatu. Nenda ukamwulize kabla hawajaingia uwanjani.